SARE HAIKO JUU YA SHERIA

Tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, wakaondoka naye mchana kweupe. Hakurudi tena, na mwili wake haukupatikana.

Sisi tuvaao sare, tunaoandika haya kutoka Mutanga Sud hapa Bujumbura, twaona kwamba kisa hiki chatuhusu kuliko kinavyowahusu mawakili.

Kiwanuka hakuwa mgeni katika kazi yetu. Kati ya mwaka 1942 na 1946 alitumika katika jeshi la Keya, akafika cheo cha sajini meja. Vita vilipokwisha alikuwa karani na mkalimani katika Mahakama Kuu ileile ya Kampala. Kisha akasoma sheria London, akawa wakili mwaka 1956. Aliongoza chama cha Democratic Party, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kabla ya nchi hiyo kupata uhuru. Serikali ya Obote ilimfunga mwaka 1969. Idi Amin akamfungulia mwaka 1971, akamfanya Jaji Mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho.

Kosa lake lilikuwa nini? Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, alikuwa amefungwa na wanajeshi katika kambi ya Makindye. Kiwanuka aliamuru aachiliwe, akatamka wazi kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia namna ile. Hayo tu. Hakumtukana mkuu yeyote wala hakulidharau jeshi. Alifanya kazi yake, kama mlinzi wa lindo afanyavyo yake.

Wako watakaosema kwamba siku zile Uganda ilikuwa hatarini, kwani wapinzani wa Amin walikuwa wameivamia kutoka Tanzania tarehe 17 Septemba. Ni kweli. Lakini jaji hakuwa adui aliyevuka mpaka. Hatari ndiyo hasa saa ya kupima nidhamu. Wakati wa amani kila mtu ni mwenye nidhamu.

Tena yafaa tukumbuke yaliyofuata. Amin alianguka mwaka 1979. Bob Astles, aliyekuwa mshauri wake, alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 1981 mahakama ya Uganda ikamwona hana hatia, ingawa aliendelea kuzuiliwa hadi 1985. Mlango ule uliovunjwa kwa bunduki ndio uliokuja kumsikiliza mtu wa Amin mwenyewe. Avunjaye mahakama leo, kesho ataitafuta.

Nasi Warundi tunalo jeraha letu. Tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi walimwua Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huohuo. Vita vilivyofuata vilidumu miaka mingi, na askari walizikwa kama walivyozikwa raia. Hakuna aliyefaidika.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, heshima kwa mahakama si jambo la hotuba. Huonekana kituoni usiku, wakati hakuna mkubwa anayetazama. Ukimkamata mtu, ujue ni kwa sheria gani. Andika jina lake na saa aliyofika. Mpeleke mbele ya mwenye mamlaka kwa wakati uliowekwa. Hakimu akiamuru aachiliwe, mwachilie. Ukiona hakimu amekosea, rufani ipo. Na ukipewa amri ambayo sheria yaikataza, jua kwamba siku ya hesabu aliyekutuma huenda asionekane, bali wewe utaonekana.

Waliomchukua Kiwanuka walikuwa na bunduki. Yeye alikuwa na kalamu. Leo mahakama ya Uganda humkumbuka kwa mhadhara wenye jina lake. Wale waliomchukua, nani hutaja majina yao kwa heshima?