TUMBO LA MZAZI LISISAHAULIWE

Mwanamke akishika mimba, jamaa wote hulitazama tumbo lake. Akijifungua salama, macho huhamia kwa mtoto, na tumbo lililombeba husahauliwa. Leo tunalizungumzia, kwani wanaoumizwa na usahaulifu huo ni mama zetu wa Tingi, wa Songo Songo na wa pwani nzima ya Kilwa na Lindi.

Misuli miwili ya mbele ya tumbo husimama sambamba toka kifuani hadi kinenani, nayo imeshikanishwa katikati kwa utepe mweupe. Mimba ikikua, utepe hutanuka na misuli huachana. Hayo ni maumbile, si aibu. Kwa wengi pengo hupungua lenyewe baada ya uzazi. Kwa wengine hubaki. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 nchini Norway, uliofuata wanawake 300 wa mimba ya kwanza, 60 kwa mia walikuwa na pengo wiki sita baada ya kuzaa, na baada ya mwaka mmoja kiasi cha 33 kwa mia walikuwa nalo bado.

Huku kwetu mama wa namna hiyo husemwa. Mara ana mimba nyingine, mara ni mvivu, mara hakufungwa kanga sawasawa. Hatuibezi kanga ya makungwi wetu. Humpa mzazi nguvu ya kujisikia ameshikika. Lakini kanga haipimi pengo, wala haitofautishi misuli iliyoachana na ngiri ya kitovu.

Kipimo kipo. Mama hulala chali, hukunja magoti, huinua kichwa kidogo, na mhudumu hupapasa kwa vidole juu na chini ya kitovu. Penye shaka ndipo ultrasaundi inapohitajika. Mashine hiyo hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, haina mionzi ya eksirei, na huonyesha kingo za misuli hata pengo likapimwa kwa milimita. Wataalamu wengi huanza kulihesabu pengo linapozidi sentimita 2. Kweli, picha haiponyi, na upana peke yake hausemi yote. Maumivu na uwezo wa mama kufanya kazi navyo vitazamwe. Lakini asiyejua alipo atajuaje kama mazoezi aliyoelekezwa yanamfaa?

Tangu Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipotangaza kazi yao mwaka 1958, watu wameizoea mashine hii kuwa ya kumtazama mtoto tumboni. Sisi tunasema ni ya mama pia.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa afya. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 kwamba mzazi aonwe si chini ya mara nne katika wiki sita za kwanza. Basi katika hudhurio la wiki ya sita, tumbo la mama nalo lipapaswe, na matokeo yaandikwe katika kadi yake. Na mama wa visiwani, aliyevuka bahari kufika Kilwa Masoko au hospitali ya Kinyonga, amalize vipimo vyote siku hiyo hiyo. Upepo na maji havimngoji mtu. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Si haki mama wa kisiwa hicho aambiwe arudi kesho kwa kipimo cha dakika chache.

Kwenu wanaume wenzetu, ndoo ya maji na mzigo wa kuni si vya mwanamke aliyezaa juzi. Chuoni tulifundishwa kuiheshimu taabu ya aliyetubeba. Heshima hiyo haiishii mdomoni, ibebeni ndoo.

Taifa hujengwa na watu, na watu hutoka katika tumbo la mama. Tulitunze.