Harry Watt na mizani yake mwenyewe

BARAZANI, na Salim Mwinyi Fumo

Katika waongozaji filamu wa Uingereza waliowahi kuzielekeza kamera zao upande wetu huu wa dunia, sioni anayestahiki kupimwa kwa insafu kuliko Harry Watt, mzaliwa wa Edinburgh mwaka 1906, ambaye nchini mwake aliwapa watu wa kazi taadhima ambayo sinema ya zama zake aghalabu iliwanyima.

Alijifunza ufundi huo chini ya John Grierson, katika idara ya filamu ya Posta ya Uingereza, na mwaka 1936 yeye na Basil Wright wakatoa "Night Mail", habari ya gari moshi lichukualo barua usiku kucha kutoka London hadi Scotland. Wanaopanga barua humo ni makarani wa Posta wenyewe. Behewa lao lilijengwa studioni, wala halikuwa na mtikisiko wowote wa reli, kwa hiyo makarani waliagizwa wayumbeyumbe kwa pamoja huku wakitia barua katika vijisanduku vyake. Na kwa jinsi mikono ile ilivyoizoea kazi, mtazamaji huamini kabisa kwamba gari li mbioni. Katika "North Sea", ya mwaka 1938, wavuvi wa Aberdeen waliigiza dhoruba waijuayo. Na mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, "Target for Tonight" ikaonyesha shambulio la ndege ambalo wahusika wake wote walikuwa askari wa kweli. Rubani wao, Charles Pickard, aliuawa vitani mwaka 1944.

Basi mtu mwenye itikadi hiyo alipofika Kenya akatengeneza "Where No Vultures Fly", ya mwaka 1951, iliyotokana na juhudi za Mervyn Cowie za kuanzisha mbuga za taifa, na mwaka 1954 akaifuatishia "West of Zanzibar", inayohusu magendo ya pembe za ndovu na majahazi yaliyoyasafirisha. Ndovu ni ndovu na bahari ni bahari yetu. Lakini katika filamu hii ya pili sehemu kubwa za Waafrika walipewa Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos, na Edric Connor wa Trinidad, wasanii wenye hadhi ambao siwalaumu hata chembe, ilhali shujaa katika filamu zote mbili ni bwana nyama Mzungu.

Wapo watakaosema kwamba hizo ndizo zilizokuwa desturi za ukoloni, na kwamba huku hapakuwa na waigizaji waliofunzwa. Lakini wale wavuvi wa Aberdeen walifunzwa wapi? Watt ndiye aliyeuthibitishia ulimwengu kwamba ajuaye kazi yake aweza kuibeba filamu, na uthibitisho huo haukustahiki kukomea kwao, ukamruka nahodha wa Mombasa aliyezijua kusi na kaskazi tangu utotoni.

Nawasihi wanaoandaa matamasha ya filamu ya pwani waonyeshe "North Sea" na "West of Zanzibar" usiku mmoja, na wazee waliosafiri na majahazi wakalishwe safu ya mbele, kisha waulizwe mbele ya hadhira, na majibu yao yarekodiwe kwa ukamilifu: lau Watt angewapa wao sehemu zile, wangesema nini?