Ligi ya Uingereza: Ni Ushindani au ni Masimulizi?

Kuna kauli moja ambayo imekita mizizi miongoni mwa mashabiki wetu wa kandanda hata imekuwa haihojiwi tena, nayo ni kwamba Ligi Kuu ya Uingereza ndiyo ngumu na yenye ushindani kuliko zote duniani. Nimeisikia katika kumbi za chuo kikuu, nimeisikia katika matatu, na nimeisikia hata Nanighi, kando ya Mto Tana, ambako vijana huchanga vijisenti vyao mwishoni mwa juma ili watazame Arsenal na Manchester United kwenye runinga inayoendeshwa kwa nguvu za jua. Ukimwuliza kijana sababu, atakujibu bila kusita: "Maalim, kule timu yoyote humfunga yeyote."

Kazi yangu ni kuchunguza maneno, na neno likirudiwa mno mdomoni huwa natamani kujua lina nini tumboni. Neno hili "ushindani" tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana: idadi ya klabu zinazoweza kutwaa taji, ugumu wa mechi moja moja, na umaarufu wa ligi yenyewe. Tunayachanganya yote katika chungu kimoja, kisha tunapakua tunachokipenda.

Tuanze na taji. Katika misimu kumi, kuanzia ule uliomalizika 2016 hadi uliomalizika 2025, Uingereza ilipata mabingwa wanne: Leicester, Chelsea, Manchester City na Liverpool. City pekee walitwaa ubingwa mara sita. Italia nayo ilipata mabingwa wanne katika kipindi hicho hicho: Juventus mara tano, kisha Inter, Milan na Napoli. Hispania ilipata watatu, yaani Barcelona, Real Madrid na Atlético. Ujerumani, Bayern walilinyakua taji mara tisa na Bayer Leverkusen mara moja. Na Ufaransa, Paris Saint-Germain walishinda mara nane, wakiachia Monaco na Lille mara moja moja.

Sasa mpenzi msomaji chukua misimu mitano tu ya mwisho ya kipindi hicho. Italia mabingwa watatu, Hispania watatu. Uingereza wawili, sawasawa na Ujerumani na Ufaransa ambazo vijana wetu huzibeza kuwa ni ligi za timu moja! Mwaka 2024 City walikuwa klabu ya kwanza katika historia ya Uingereza kutwaa ubingwa mara nne mfululizo, na sikusikia mtu hata mmoja akisema kwamba ligi imekufa. Bayern walipofanya hivyo Ujerumani tuliwacheka.

Hata hivyo, haki itendeke. Ukishuka kutoka kileleni, Waingereza wana hoja nzito. Fedha za televisheni kule hugawanywa kwa namna ambayo klabu ya kwanza haipati hata maradufu ya klabu ya mwisho, ilhali Hispania kila klabu ilikuwa ikijiuzia matangazo yake mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2015, na Real Madrid na Barcelona wakawa wanakula nyama huku wengine wakinusa mchuzi. Matokeo yake ni kwamba hata klabu dhaifu za Uingereza zina wachezaji wa thamani kubwa. Mwezi Mei 2025 Tottenham waliomaliza nafasi ya 17 katika ligi yao waliwafunga Manchester United waliomaliza nafasi ya 15, bao moja kwa bila, katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Bilbao. Timu zilizokuwa mkiani nyumbani ndizo zilizogombea kombe la bara! Lakini katika msimu huo huo Southampton walivuna alama 12 tu katika mechi 38, na timu zote tatu zilizopandishwa daraja zikateremshwa, kama ilivyokuwa msimu uliotangulia. Ile habari ya "timu yoyote humfunga yeyote" ina mipaka yake.

Na mitindo ya uchezaji je? Hapa ndipo ninapoona raha, kwa sababu mitindo ya kandanda huishi kama lugha. Waitaliano walipewa sifa ya ulinzi tangu enzi za Inter ya Helenio Herrera, waliotwaa kombe la Ulaya 1964 na 1965 kwa mfumo ulioitwa catenaccio, neno ambalo maana yake ni komeo la mlango. Wengi wetu bado tunaamini kwamba Waitaliano wamejifungia ndani na komeo hilo, ingawa Arrigo Sacchi alilivunja na Milan yake kombe hilo hilo lilipotwaliwa 1989 na 1990. Atalanta waliowalaza Leverkusen mabao matatu kwa nunge mwaka 2024, hicho kikiwa ndicho kipigo pekee cha Wajerumani hao msimu mzima, walicheza wakiwakaba wapinzani mtu kwa mtu uwanja mzima. Komeo liko wapi?

Ama mtindo wa Kiingereza, ule wa mipira mirefu na vichwa, umekuwa kama lugha iliyobaki na jina huku msamiati wake wote ukikopwa. Arsène Wenger aliingia 1996 na Ufaransa yake, Jürgen Klopp akaja 2015 na ukabaji wa kasi wa Kijerumani, na Pep Guardiola akafuata 2016 na pasi za Barcelona ambazo naye alizirithi kwa Johan Cruyff, Mholanzi. Tangu ligi hiyo ianze kwa sura yake ya sasa mwaka 1992 hadi msimu wa 2024/25, hakuna kocha Mwingereza aliyewahi kutwaa ubingwa wake. Silaumu, kwani Kiswahili nacho kimekopa "goli", "kona" na "refa" na kikanawiri. Nasema tu kwamba anayesifu "soka ya Kiingereza" anasifu bidhaa ya Ulaya nzima iliyotiwa chapa moja.

Kama ushindani ndio unaotuvuta, tungalikuwa na ligi ya kupenda hapa hapa. Kati ya 2006 na 2010 ligi ya Kenya ilipata mabingwa watano tofauti kwa miaka mitano: SoNy Sugar, Tusker, Mathare United, Sofapaka na Ulinzi Stars. Sofapaka walitwaa taji katika msimu wao wa kwanza kabisa wa ligi kuu. Hakuna ligi kubwa ya Ulaya iliyofanya hivyo katika miaka hiyo. Je, ni wangapi wanaoikumbuka?

Tazama upande wa pili wa mpaka. Tanzania, tangu 2001, Simba na Yanga wamepokezana taji, na ni Azam peke yao walioingia kati mwaka 2014. Kwa kipimo cha vijana wetu hiyo ingekuwa ligi ya kuchosha. Kumbe ni ligi inayopendwa kwa mapenzi makubwa! Mechi zake hutangazwa kwa Kiswahili fasaha, magazeti huzichambua, watani hutaniana sokoni na msibani. Watu wanasimuliwa ligi yao kwa lugha yao, nao wanaipenda.

Sisi tulikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye redioni aliweza kumfanya msikilizaji auone uwanja. Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika 1987, taifa lilisimuliwa. Hata MacDonald Mariga alipojiunga na Inter mwaka 2010, kwa muda mfupi Serie A ikawa na masimulizi hapa kwetu, na watu waliojua Arsenal tu wakaanza kutaja Milito na Sneijder. Alipoondoka Italia, mazungumzo nayo yakafifia.

Jambo hili lingekuwa la mzaha lau lisingegusa mifuko. Kijana wa Nanighi anayebashiri matokeo kwa simu anaweka nauli yake, na pengine ada ya mdogo wake, juu ya kauli aliyoirithi bila kuipima. Jioni hiyo hiyo wenzake wanacheza mchangani pasi na refa wala mtu wa kutaja majina yao. Shirika la Utangazaji la KBC lina idhaa ya Kiswahili inayofika mbali na mijini. Liwatume watangazaji wawili kila Jumamosi kwenye mechi za ligi ya Kenya, dakika 90, na redio za kaunti zifanye vivyo hivyo kwa ligi za mashinani. Gharama yake ni gari, maikrofoni na watu wanaokijua Kiswahili, na watu hao tunawafundisha kila mwaka vyuoni kisha wanakosa kazi.