Bukavu: Raia waambiwe kwa Kiswahili ni kitu gani wanaletewa

Mbali na Kiswahili cha sokoni, Mashi ya nyumbani na Kifaransa cha ofisini, mji wa Bukavu una lugha nyingine: lugha ya miradi. Inazungumzwa katika vyumba vya mikutano vya Ibanda, inaandikwa kwenye vibao vya mashirika, kisha inapelekwa Kadutu na Bagira kama ilivyo. Raia wanapiga makofi, wanasaini orodha ya waliohudhuria, wanarudi nyumbani bila kujua wameahidiwa nini. Na ahadi isiyoeleweka haidaiwi.

Mama anayeuza sambaza anaambiwa atapata "renforcement des capacités". Uwezo upi huo utakaoimarishwa? Mtaji? Barabara? Au siku 2 za kukaa kwenye kiti na kunywa fanta? Angeambiwa wazi, "Tutakufundisha kuandika hesabu, pesa hatutoi," angeamua mwenyewe kama aache meza yake au abaki sokoni.

Anaitwa "bénéficiaire" tangu siku jina lake linapoandikwa, kabla hajapokea hata kipande cha sabuni. Kwenye karatasi tayari amefaidika! Maji nayo yanaitwa "WASH", neno la Kiingereza katikati ya mkutano wa Kifaransa, mbele ya watu wanaopanda mlima na bidoni kichwani. Wao wanauliza jambo moja: robine itatoa maji lini, na bidoni moja itakuwa franka ngapi?

Wakati wa ugonjwa hatari inazidi. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 ilifika Mwenga, katika jimbo letu la Kivu Kusini, Agosti 2019. Ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Kazi ya kupambana nayo iliitwa "riposte", kama vile kujibu shambulio. Mgonjwa aliyesubiri kupimwa aliitwa "suspect", neno la polisi. Jirani yake aliitwa "contact", kama namba ya simu. Halafu watu walipokimbia, ikasemwa kwamba raia ni wabishi.

Wafanyakazi wa mashirika hujitetea kwamba wafadhili ndio wanaotaka maneno hayo. Sawa, ripoti iende Geneva na maneno yake. Lakini mama wa Kadutu si mfadhili. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 1, inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa na kuiagiza serikali iziendeleze bila ubaguzi.

Dawa si ngumu. Kila kibao cha mradi kiseme kwa Kiswahili cha hapa: kitu gani kitafanyika, nani atakifanya, kwa pesa ngapi, kitakwisha lini, na ukiona hakifanyiki uende kwa nani. Mashefu wa avenyu wasisaini karatasi ambayo hawawezi kuwaeleza majirani zao. Na kwenye mkutano, mtu akisikia neno asilolielewa, anyooshe mkono aulize maana yake. Si aibu. Aibu ni ya yule atakayeshindwa kulieleza.

Mashirika yana hata neno la wajibu wa kujibu mbele ya raia: "redevabilité". Waanze kwa kulitafsiri hilo.