Mtoto wa miaka 11 apande daladala peke yake?

Wadau, kuna ubishi umezuka kwenye familia yetu nikaona niulete hapa, maana najua hata majumbani kwenu upo. Mpwa wangu ana miaka 11, yuko darasa la sita. Anataka kwenda shule mwenyewe kwa daladala, kutoka Tabata hadi Kariakoo. Dada yangu hataki hata kusikia. Shemeji anasema umri huo yeye alikuwa anachunga ng'ombe Singida na jioni anawarudisha wote. Bibi naye kasema mtoto wa binadamu hafugwi ndani kama kuku wa kizungu.

Najua kuna watakaoniuliza, wewe kijana hata mtoto huna, malezi unayajulia wapi? Sawa. Lakini kazi hii ya uandishi inanitoa nyumbani alfajiri, na vituoni nayaona mambo.

Nianze kwa kusema kwamba Dar es Salaam ina watoto wa aina mbili wa umri huu. Yupo anayechukuliwa mlangoni na basi la shule na kurudishwa mlangoni. Huyu mpe elfu moja umtume mtaa wa pili, atakuuliza anafikaje. Na yupo anayetoka Gongo la Mboto saa kumi na moja asubuhi, giza bado, anabadilisha magari mawili, anasukumana na watu wazima mlangoni huku konda akimfokea. Kosa lake ni nauli. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, mtu mzima alipangiwa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kwa hesabu ya konda, wanafunzi watatu ndio abiria mmoja.

Sasa jiulize, kati ya hao wawili nani amepewa uhuru? Mimi naona hakuna. Wa kwanza amenyimwa, wa pili ametelekezewa, kwa sababu wazazi hawana namna nyingine. Uhuru wa mtoto ni kitu anachofundishwa kidogo kidogo na mtu anayemfuatilia. Ndiyo maana kubishana "aende" au "asiende" hakutufikishi popote.

Hofu ya dada yangu siipuuzi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Tanzania Bara, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Njia ya kwenda na kurudi shule ilitajwa, ni kweli. Lakini mahali palipotajwa zaidi na wasichana ni nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo kumfungia mtoto ndani si lazima kuwe kumlinda, inategemea umemfungia na nani. Halafu angalieni hiyo namba ya wavulana. Mpwa wangu angekuwa wa kiume, ubishi huu usingekuwepo, angeambiwa tu "nenda" bila kuelezwa chochote.

Na hoja ya shemeji? Hapana, shemeji yangu, samahani. Kule Singida hakukuwa na Barabara ya Mandela na malori yanayotoka bandarini. Pia kijijini kila mtu mzima aliyekuona na ng'ombe alikujua wewe ni mtoto wa nani. Hapa Buguruni nani anamjua nani?

Ninachopendekeza mimi ni hiki. Mtoto ajaribiwe kwanza kwa vitu vidogo: dukani, sokoni, kwa shangazi mtaa wa tatu. Kisha mpande naye daladala wiki nzima, ila yeye ndiye atangulie, aulize gari, alipe, aseme "shusha". Wewe kaa siti ya nyuma, nyamaza. Jioni muulize maswali. Ukipitilizwa kituo utafanyaje? Nauli ikipotea? Mtu akikwambia "mama kanituma nikuchukue na bodaboda"? Namba ya simu ya mama unaijua kwa kichwa? Akijibu vizuri, aanze na safari moja ya mchana, jua likiwaka. Alfajiri na usiku bado. Akivuruga, mnarudi hatua moja nyuma, hakuna matusi wala fimbo.

Na yeye asikilizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu. Sijasema ndiye aamue. Nimesema asikilizwe, maana mtoto anayesikilizwa kwenye habari ya daladala ndiye atakayekuja kukwambia siku konda amemshika vibaya. Aliyezoea kuambiwa "kaa kimya, unajua nini wewe" atanyamaza na hilo pia.

Tusisahau kwamba muda wenyewe ni mfupi. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi niliunga mkono. Lakini akimaliza tu shule ya msingi, mtoto huyo huyo tuliyemkataza kuvuka barabara tunampakia kwenye basi la mkoani na tranka na godoro, tunampungia mkono. Huko atajipangia fedha, atachagua marafiki, ataugua mama akiwa mbali. Atakuwa amejifunzia wapi?

Dada yangu, najua unasoma hapa. Usimpe ruhusa leo. Mpe wiki moja ya kupanda naye gari, halafu uamue kwa ulichokiona.

Nawasilisha.