Wauguzi wa Bagamoyo nao wasogezewe shahada

Mhariri,

Muhimbili, kunakosomeshwa shahada ya uuguzi tangu miaka ya 1980, chimbuko lake ni hospitali ya Sewa Haji iliyojengwa Dar es Salaam mwaka 1897 kwa fedha za tajiri wa hapa hapa Bagamoyo. Fedha zilitoka kwetu, elimu ikabaki huko. Chuo cha uuguzi tunacho, tunashukuru, lakini mwenye stashahada akitaka shahada sharti afunge mizigo.

Mpwa wangu ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya. Alipata nafasi ya chuo kikuu, mwajiri akamwambia asubiri ruhusa kwa kuwa hakuna wa kumshikia zamu. Ruhusa ilipokuja, muhula umeshaanza na nafasi imekwenda. Bado anazalisha kina mama usiku kucha kwa mshahara ule ule.

Naiomba Wizara ya Afya na wakuu wa Muhimbili watuletee masomo ya shahada Bagamoyo, hata ya wikiendi, kwa wauguzi walio kazini. Wauguzi wa Chalinze na Saadani, nanyi mnasemaje? Andikeni.

Msomaji wenu,
Dunda, Bagamoyo