Mabasi Kuandamana: Dereva Asionewe

Abiria husubiri kituoni nusu saa pasi na kuona hata dalili ya basi, kisha matatu yakaja kwa mpigo: la kwanza limejaa pomoni, la tatu li karibu tupu. Aghalabu lawama humwangukia dereva, ati ni mvivu au alikuwa akipiga soga na wenzake. Lawama hiyo haina mashiko. Kuandamana kwa mabasi ni maradhi ya njia yenyewe, wala hayatibiwi kwa kumkemea aliyeshika usukani.

Mnamo 1964, Gordon Newell na Renfrey Potts walilieleza jambo hili kihisabati. Mathalani, iwapo basi hupita kila dakika 6 na abiria 2 hufika kituoni kila dakika, basi litakuta watu 12. Kila mmoja akipanda kwa sekunde 3, litasimama sekunde 36. Likicheleweshwa dakika 2 njiani, litakuta watu 16 na kusimama sekunde 48. Lililo nyuma, ambalo halikuchelewa, litakuta 8 tu na kuondoka baada ya sekunde 24. Kwa hivyo, katika kituo kimoja pekee, limekwisha kulikaribia la mbele kwa sekunde 24 zaidi. Kituo baada ya kituo, la mbele huzidi kulemewa na la nyuma huzidi kuwa jepesi, hata yakakutana. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni cha hasara.

Hasara hiyo si ndogo. Mabasi 6 kwa saa yakiachana sawasawa, abiria husubiri dakika 5 kwa wastani. Yakija mawili mawili kila dakika 20, atasubiri dakika 10. Magari ni yale yale na mafuta ni yale yale, ila muda wa msafiri umepotea maradufu.

Wengi hudhani tiba ni kulihimiza basi lililochelewa. Kinyume chake ndicho kweli: lililo jepesi ndilo la kuzuiwa kidogo. Mwaka 2012, John Bartholdi na Donald Eisenstein walieleza mbinu iliyojaribiwa kwenye mabasi ya chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta. Ratiba iliwekwa kando, na kila basi likangojeshwa kituoni kwa kadiri ya umbali wa lililolifuata.

Jijini Nairobi, tiba hiyo inakabiliwa na kikwazo cha mfuko. Mhudumu wa matatu anayedaiwa na mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku atasubirije, ilhali kila abiria anayenyakuliwa na mwenzake ni pengo katika hesabu yake? Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilielekeza nguvu kwenye kasi, mikanda na idadi ya abiria. Hatua hizo zilifaa, lakini hazimwondolei mhudumu sababu ya kukimbizana.

Ni wajibu wa vyama vya wenye matatu, basi, kuzikusanya nauli za njia moja katika chungu kimoja, kuwalipa wahudumu mshahara, na kumpa msimamizi wa njia mamlaka ya kulizuia gari. Mwenda pole hajikwai. Na katika njia ya mabasi, anayengoja kidogo huwafikisha wengi mapema.